Mtafiti Anatafuta Nini Wodini?



Mwezi uliopita tulikuwa na siku ya vijana wa kidato cha tatu na cha nne, ile siku tunayoalika watu wa kazi mbalimbali waje waeleze vile walivyofika walipo. Alikuwako fundi wa stima, mwalimu wa hesabu, askari wa trafiki, na mama mmoja anayefuga kuku elfu moja. Mimi nilikuwa nyuma nikiandika majina. Baada ya chai msichana mmoja alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Anti, mtu akitaka kuwa mmoja wa wale wanaotafuta dawa za magonjwa, asomee nini?" Kabla sijamjibu, kijana aliyekuwa nyuma yake akadakia, "Wale wa kuchukua damu za watu?" Wengine wakacheka. Yule msichana akanyamaza, nikaona ameaibika.

Nilimwahidi nitamjibu katika toleo hili. Nimelichukua na swali la yule kijana pia, kwa sababu ukiyaangalia vizuri ni maswali mawili yanayotembea pamoja. Mzazi hawezi kumruhusu mtoto asomee kazi ambayo yeye mwenyewe anaiogopa.

MTAFITI WA AINA GANI?

Tukisikia neno mtafiti, wengi wetu huwaza mtu wa koti jeupe aliyeinamia mikroskopu. Wapo hao, na kazi yao ni kubwa. Lakini leo nataka tuwatazame wale wanaofanya kazi kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi, yaani mgonjwa ambaye usipomsaidia saa hii, kesho hayupo. Katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, mtoto aliye mahututi mara nyingi ameletwa na ugonjwa wa kuambukiza: malaria kali, nimonia, homa ya uti wa mgongo, au vijidudu vilivyoingia kwenye damu. Ndiyo sababu mtafiti wa wagonjwa mahututi na mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza, kwetu sisi, mara nyingi ni mtu mmoja.

Tena tusidhani ya kwamba kumtunza mgonjwa mahututi ni mashine tu. Ni kujua nani aonwe kwanza. Hebu chukueni mfano wa Kilifi. Mwaka 1989 kulianzishwa kituo cha utafiti katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, chini ya KEMRI pamoja na wenzao kutoka Uingereza, kikiongozwa na daktari Kevin Marsh. Swali lao la kwanza kwanza lilikuwa la kawaida sana: kati ya watoto wote wanaolazwa na malaria, ni nani atakayekufa? Waliwafuatilia watoto 1,844, wakachapisha matokeo mwaka 1995. Waligundua ya kwamba watoto wengi waliokufa walikufa katika saa 24 za kwanza. Na ishara mbili zilitosha kuwatambua zaidi ya watoto 8 katika kila 10 waliokufa: mtoto aliyepungukiwa na fahamu, na mtoto anayepumua kwa shida. Ishara hizo nesi anaweza kuziona kwa macho bila mashine yoyote, na hata nyanya ya mtoto anaweza kuziona nyumbani akifundishwa. Kwa maoni yangu huo ni utafiti mzuri kuliko mwingi unaogharimu mamilioni.

NILIVYOSHIKA CHUPA

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanigusa mimi.

Mwaka 2008 nilikuwa nimemaliza diploma yangu ya ustawi wa jamii, na nilikuwa nikienda katika hospitali moja kuwasaidia akina mama waliolazwa na watoto: kuwatafutia nauli, kupeleka habari nyumbani, kukaa nao. Usiku mmoja akaletwa mvulana wa kama miaka mitatu. Homa kali. Viganja na nyayo baridi kama jiwe la mtoni. Alikuwa hamtambui hata mama yake. Afisa wa kliniki akaagiza apewe maji ya dripu haraka haraka, na ndivyo kitabu kilivyosema wakati huo. Nesi alikuwa mmoja na wodi ilikuwa imejaa, watoto wawili wawili kitandani. Akanipa ile chupa ya plastiki, akaniambia, "Dada, inua juu, na uiminye." Nikaminya. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kufanya badala ya kusimama tu. Maji yakaingia. Mtoto alionekana kupata nafuu kidogo, mama akanishukuru.

Kabla ya jua kuchomoza alikufa.

Nilimsindikiza yule mama hadi kwao. Njiani alisema neno moja tu: "Angalau tulifanya yote." Nami niliitikia, tulifanya yote. Niliishi na neno hilo kwa miaka mitatu.

UTAFITI ULIOSHANGAZA MADAKTARI

Mwaka 2011 ilichapishwa ripoti ya utafiti ulioitwa FEAST. Mimi niliisikia kwa daktari mmoja rafiki wa familia, nikamwomba anifafanulie mstari kwa mstari.

Kiongozi wa utafiti huo ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto na profesa wa Imperial College, London, ambaye ameishi na kufanya kazi Afrika Mashariki tangu mwaka 2000. Kabla ya hapo alikuwa Vanuatu, visiwa vilivyo katika bahari ya Pasifiki, akichunguza malaria. Pamoja naye alikuwako Sarah Kiguli, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Makerere, na madaktari wengine wengi wa Uganda, Kenya na Tanzania. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi hapa Kenya, Muheza kule Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor kule Uganda. Sisi wa huku mpakani Mbale tunaijua kwa soko na kwa shule. Kumbe huko huko palikuwa panafanyika jambo lililokuja kubadilisha vitabu vya madaktari.

Swali lilikuwa hili: mtoto mwenye homa kali, ambaye damu haimfikii vizuri mikononi na miguuni, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka, au asipewe? Katika nchi tajiri watoto kama hao walikuwa wakipewa maji kwa haraka kwa miaka mingi, na miongozo ya kimataifa ilikubali. Ila hakuna aliyekuwa ameipima dawa hii kwa utafiti mkubwa, maana maji nayo ni dawa, katika hospitali kama zetu zisizo na mashine za kupumulia. Maitland mwenyewe alikuwa ametumia miaka akitafuta ni maji gani yaliyo bora zaidi. Utafiti mdogo aliouongoza Kilifi, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha dalili nzuri kwa maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. Kwa hiyo aliingia katika FEAST akitarajia ya kwamba maji yataokoa watoto.

Walianza Januari 2009. Watoto walikuwa wa kuanzia miezi miwili hadi miaka kumi na miwili. Waligawanywa kwa kura, kwa bahasha zilizofungwa, katika makundi matatu. Kundi la kwanza walipewa maji ya albumini kwa haraka. Kundi la pili walipewa maji ya chumvi kwa haraka. Mtoto wa kilo 10, kwa mfano, alipewa mililita 200 katika saa moja, kama kikombe cha chai, na baadaye kiasi hicho kiliongezwa. Kundi la tatu hawakupewa maji ya haraka bali dripu ya polepole tu. Makundi yote matatu walipewa dawa za malaria, za kuua vijidudu, oksijeni, sukari iliyoshuka ikapandishwa, na damu kwa aliyepungukiwa sana.

Walikuwa wamekusudia kufikia watoto 3,600. Hawakufika. Januari 2011 kamati huru, ambayo kazi yake ni kuchungulia hesabu wakati utafiti ukiendelea, ilishauri usimamishwe. Walipohesabu, katika watoto 1,044 wa dripu ya polepole, 76 walikuwa wamekufa katika saa 48. Katika watoto 1,050 wa albumini walikufa 111. Katika 1,047 wa maji ya chumvi walikufa 110. Tukiweka kwa mia: 7 upande mmoja, na 10 hadi 11 upande wa pili. Yaani katika kila watoto mia moja waliomiminiwa maji kwa haraka, watatu zaidi walikufa.

Daktari yule aliponiambia hivyo nilimwomba anyamaze kidogo. Nilikuwa naiona ile chupa.

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa, je, nilimuua yule mtoto? Alinijibu kwa uaminifu, na jibu lake ndilo kiini cha somo hili. Alisema: "Huwezi kujua. Wala mimi siwezi. Katika mia wasiomiminiwa, saba wanakufa vilevile. Katika mia waliomiminiwa, karibu tisini wanapona. Ukimwangalia mtoto mmoja, hutaona kitu." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watafiti wanataka watoto maelfu. Daktari hodari mwenye miaka thelathini wodini angemwona mtoto anapata nafuu baada ya maji, kama mimi nilivyoona, angeamini macho yake, na angeendelea. Anayekufa saa nne baadaye, tunasema ugonjwa ulikuwa mkali. Hakuna njia ya kuliona tatizo la watatu katika mia isipokuwa kuhesabu, na kuhesabu kwa haki, kila upande ukiwa na watoto walio wagonjwa sawasawa. Ndio maana ya ile kura. Watu husema ati kupiga kura juu ya mtoto ni ukatili. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo.

Wengi walidhani watoto wale walikufa kwa maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba. Watafiti walirudi kwenye rekodi, na mwaka 2013 wakaandika ya kwamba sehemu kubwa ya vifo vile vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Baadhi ya madaktari wa ng'ambo walisema matokeo hayo ni ya Afrika tu, hayawahusu wao wenye mashine. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake wa huduma ya dharura kwa watoto mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo kutoka. Mimi naona ni miaka mingi mno, lakini mimi si daktari.

Hapa lazima nitoe onyo, na naomba wazazi mlisome mara mbili. MSIKATAE DRIPU. Watoto wanaoharisha hawakuwa katika utafiti huo, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji maji, kwa mdomo au kwa mshipa, na yanaokoa maisha yake. Dripu ya polepole pia si ile ya kumimina. Kinachotolewa na kwa kasi gani ni uamuzi wa anayemtibu mtoto wako, na una haki ya kumwuliza.

SI KILA MARA MATOKEO NI MACHUNGU

Nisije nikawatisha vijana. Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na utafiti mwingine, AQUAMAT, katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo. Uliongozwa na Arjen Dondorp, Mholanzi aliyesomea magonjwa ya kuambukiza na utunzaji wa wagonjwa mahututi, ambaye makao yake ya kazi ni Bangkok, Thailand. Walilinganisha sindano ya kwinini, ile inayofanya masikio yavume, na sindano ya artesunate. Kati ya watoto 5,425, waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika mia, na wa artesunate 8 na nusu. Matokeo yalitoka mwaka 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema artesunate iwe ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Mama mwenye mtoto chini ya miaka kumi leo huenda hajawahi kuiona sindano ya kwinini.

Na swali la maji lilizaa swali la damu. Matokeo ya utafiti wa TRACT yalitoka mwaka 2019, uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye upungufu mkubwa wa damu. Uliuliza mtoto aongezewe damu kiasi gani. Jibu lilikuwa la ajabu: mtoto asiye na homa alifaidika kwa kupewa damu zaidi ya kawaida, lakini mwenye homa alifanya vizuri kwa kile kiasi cha kawaida. Kipimajoto tu, basi! Mmoja wa watafiti wake ni Peter Olupot-Olupot wa Mbale, ambaye ana taasisi ya utafiti pale pale Mbale.

Kabla sijaacha hospitali hizo, nataka kusema juu ya Lacor, hospitali ya misheni iliyo karibu na mji wa Gulu. Oktoba 2000, daktari mkuu wake Matthew Lukwiya, ambaye alikuwa amesomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto huko Liverpool, aliitwa kutoka Kampala kwa sababu wanafunzi wa unesi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wasioujua. Alifika, akaomba mafaili ya waliokufa, akakesha akiyasoma. Alfajiri alikuwa na orodha ya wagonjwa 17 wenye dalili zinazofanana, na alikuwa amekwisha kushuku ni Ebola. Hakungoja maabara. Alitenga wodi na kuwapigia wizara. Ugonjwa ule uliwapata watu 425 nchini Uganda na kuua 224. Yeye mwenyewe aliambukizwa akimhudumia nesi mgonjwa, na akafa tarehe 5 Desemba 2000. Namtaja kwa sababu vijana wengi hudhani utafiti huanza na mashine. Ule wa Lukwiya ulianza na rundo la mafaili na mtu aliyekubali kutolala.

HABARI YA DAMU

Sasa kwa yule kijana. Hofu ya damu haikuanza na wewe. Kilifi kwenyewe, watu walisema kwa miaka mingi ya kwamba damu inayochukuliwa inauzwa, wengine wakasema ni mambo ya kuabudu shetani. Watafiti hawakufaulu kwa kuwacheka watu. Walilazimika kueleza kiasi kwa vijiko vya chai badala ya mililita, kuajiri vijana wa pale wanaosema Kigiriama, na kuwa na wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wenyeji wenyewe. Maana hofu ile ilikuwa na sababu. Katika nchi nyingi watu maskini walishafanyiwa majaribio bila kuambiwa. Anayeuliza "mtafanya nini na damu yangu" hajakosea hata kidogo.

Kwa hiyo ukiombwa, ujue haya. Utafiti wa kweli umepitiwa na kamati ya maadili, na karatasi ina jina lake na nambari ya kupiga simu. Unaweza kukataa, na matibabu ya mtoto wako yanaendelea kama ya wengine. Unaweza kukubali leo na kujitoa kesho bila kutoa sababu. Karatasi isomwe kwa lugha unayoielewa, hata kama ni lugha ya mama, na nakala moja ibaki kwako.

Katika FEAST kulikuwa na ugumu. Mtoto anapokata roho huwezi kumsomea mama kurasa nne. Kamati za maadili ziliruhusu mzazi aelezwe kwa ufupi na kukubali kwa mdomo, halafu aelezwe yote na kutia sahihi mtoto akishatulia. Nimelifikiria sana jambo hili. Naelewa sababu yake, na sioni njia nyingine. Hata hivyo moyo wangu haujatulia kabisa, kwa sababu namjua mama wa saa nane za usiku. Atasema ndiyo kwa chochote. Mimi ningetaka pale pawe na mtu asiyevaa koti jeupe, ambaye kazi yake ni kukaa na mama tu, na kurudi kwake kesho, na kurudi tena matokeo yakitoka. Kazi hiyo wenzangu wa ustawi wa jamii tunaiweza. Tusingoje kualikwa.

ASOMEE NINI?

Binti yangu, sasa nakujibu. Shika hesabu, bayolojia, kemia na Kiingereza, na usiidharau hesabu. Umeona mwenyewe ya kwamba bila hesabu hakuna mtu angeijua tofauti ya 7 na 10. Wadogo zako wa mtaala mpya watazame njia ya sayansi wakiingia shule ya upili ya juu.

Njia ya udaktari ni ndefu. Chuo kikuu miaka sita, mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya wakubwa, halafu kusajiliwa na baraza la madaktari. Baada ya hapo, miaka mingine ya kubobea katika magonjwa ya watoto au mengineyo, na anayetaka kuongoza utafiti wake mwenyewe huendelea hadi uzamifu. Ukihesabu, utakuwa na zaidi ya miaka thelathini. Sikufichi.

Lakini usidhani ni mlango mmoja tu. Utafiti kama FEAST hauendi bila afisa wa kliniki anayempokea mtoto, nesi anayempima kila baada ya muda, mtaalamu wa maabara, mtu wa takwimu, na yule kijana wa pikipiki anayetafuta boma la mtoto baada ya wiki nne kuona kama yu hai. Wengi wao wana diploma. Ukipata gredi ya kati unaweza kuingia chuo cha mafunzo ya tiba, ufanye kazi, kisha urudi kusomea stashahada ya juu ya kutunza wagonjwa mahututi. Kule Kijabe wana mafunzo ya namna hiyo kwa maafisa wa kliniki. Kilifi nao huwafundisha watafiti vijana, na huwapokea wanafunzi wa shule wanaotembelea maabara.

Ubaya wake pia uujue. Kazi nyingi za utafiti ni za mkataba. Pesa za mradi zikiisha, mkataba umeisha, na nimemwona nesi hodari akirudi nyumbani na barua ya shukrani tu. Na kuna mizigo ya usiku. Anayehesabu vifo vya watoto anawaona watoto wenyewe kwanza. Tena unaweza kufanya kazi miaka kumi na jibu likaja kinyume cha ulivyotumaini, na ni lazima ulichapishe vilevile, jina lako likiwa juu.

Jambo moja la mwisho daktari yule alinionyesha katika ripoti. Watafiti walipokuwa wakipanga, walikadiria watoto 15 katika mia wangekufa, hata bila maji ya haraka. Baadaye wakashusha hadi 11, na waliokufa katika kundi lile walikuwa 7. Kabla ya kuanza, wafanyakazi wa hospitali zote sita walikuwa wamefunzwa kuwatambua walio mahututi na kuwahudumia mara moja, na kulikuwa na watu wa kumwangalia kila mtoto kwa ratiba. Usiku ule wa mwaka 2008, wodi yetu ilikuwa na nesi mmoja na mimi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

Mtoto wako yu mahututi na daktari ana dakika moja ya kukueleza juu ya utafiti. Ungetaka akuambie nini katika dakika hiyo, na nani awe karibu nawe?

Ni jambo gani tunalofanya kwa mgonjwa nyumbani, kila mtu akiamini ni jema, ambalo hakuna aliyewahi kulipima?

Katika kijiji chetu, ni nani anayejua zile ishara mbili za Kilifi, na asiyejua atafundishwa na nani, lini?

Kwa wazazi wa vijana wa kidato cha nne: mmewahi kumwuliza mwanenu anataka kuwa nani, mkanyamaza mpaka akamaliza kujibu?